Baina ya Ramani na Mwiko

Masika ya kwanza tangu nihamie katika nyumba yangu yalinikuta usiku, nimelala, na kilichoniamsha ni tone la maji lililoanguka juu ya dari, likafuatwa na la pili, kisha na mfululizo wa matone ambao haukukoma mpaka alfajiri. Nyumba ile ilikuwa ya paa la kuficha, mtindo unaopendwa sana siku hizi Dar es Salaam na katika miji mingine ya pwani: kuta hupandishwa juu kuyapita mabati zikayazunguka hata mpita njia asiyaone, na maji ya mvua, ambayo katika nyumba za wazee wetu yalianguka nje ya upenu kwa ridhaa yake, hukusanywa katika mfereji uliojificha nyuma ya ukuta, yakatafuta tundu la kutokea.

Kulipokucha nilimwita msanifu aliyeichora nyumba, nikamwita na fundi aliyeijenga, tukapanda juu watatu. Msanifu akaikunjua ramani, akanionyesha mfereji aliouchora. Fundi akaelekeza kidole kwenye mfereji alioujenga. Na kwa kadiri nilivyoweza kuamua, wote wawili walikuwa wakweli. Ramani ilikuwa na mfereji, ila haikutaja mteremko wake ni kiasi gani, wala tundu lake likae wapi; fundi naye aliujenga kwa mazoea yake, na mdomo wa bomba ukakaa juu kidogo kuliko sakafu ya mfereji, hata maji yakawa hayana njia mpaka kwanza yajae na kupenya chini ya bati.

"Mzee," fundi aliniambia kwa sauti ya chini, "siku ile nilijiuliza, maji haya yatatokaje? Lakini nikasema moyoni, ramani imetoka kwa injinia, mimi ni nani hata niiulize?"

Msanifu, ambaye mafundi wetu humwita injinia kama wamwitavyo kila mtu anayefika kiwanjani na karatasi mkononi, alisikitika kwa dhati. "Laiti ungenipigia simu, Fundi," akasema, "ningalikujibu palepale."

Maneno hayo mawili hayajanitoka moyoni hata leo, kwa maana naona ndani yake kisa cha nyumba nyingi zilizoharibika pasipo mtu kukusudia kuziharibu. Mmoja alikuwa na swali asithubutu kulitoa; wa pili alikuwa na jawabu asiulizwe; na mimi mwenye nyumba, niliyewajua wote wawili na kuwalipa wote wawili, sikupata kuwakalisha penye meza moja hata siku moja. Msanifu alipomaliza kazi yake nilizichukua karatasi zake, nikampa mkono wa kwaheri, na baada ya miezi minne nikamkabidhi fundi karatasi zile kana kwamba ni hukumu iliyokwisha kukatwa. Taksiri ya ule mfereji ilikuwa yangu kabla haijawa yao.

Zamani za wazee wetu wa pwani ikhtilafu ya namna hii haikuwa na mahali pa kuzaliwa, kwa kuwa mwenye kuibuni nyumba na mwenye kuijenga alikuwa mtu mmoja. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zikachukuliwa na boriti za mikoko. Na kwa sababu mti wa mkoko una mwisho wa urefu wake, upana wa chumba ulifungwa katika mita mbili na nusu hadi tatu hivi, mwenye nyumba awe na mali kiasi gani. Ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, kuanzia daka la mlangoni mpaka ndani kabisa penye zidaka za ukutani. Fundi hakuhitaji karatasi ya kumwambia upana wa chumba, maadamu mti ulikwisha kumwambia. Mwenye nyumba alitaja haja zake, idadi ya wageni wake na mabinti atakaowaoza humo. Fundi akapima ardhi kwa dhiraa. Na palipoingia shaka waliulizana wakiwa wamesimama juu ya kiwanja chenyewe.

Zege na nondo vimeiondoa ile amri ya boriti. Leo mtu aweza kutamani sebule ya upana wa mita saba isiyokuwa na nguzo katikati, akaipata, lakini kinachomwambia kuwa itasimama si mti tena, ni hesabu; na hesabu hukaa katika karatasi, ilhali mkono unaolimwaga zege uko mahali pengine. Ujuzi uliokuwa katika kichwa kimoja umegawanyika, na sheria nayo imeufuata ulipogawanyika. Mwaka 1997 Bunge la Tanzania lilitunga sheria tatu zilizoandamana kwa namba: ya 15 kwa wahandisi, ya 16 kwa wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na ya 17 kwa makandarasi, kila kundi likiwa na bodi yake ya usajili na adabu zake. Silaumu mpango huo, kwa kuwa umewekwa ili raia wa kawaida ajue aliyemkabidhi mali yake ana elimu inayotambulika. Ila hakuna sheria iwezayo kuwalazimisha watu wa madaftari matatu kuketi pamoja na kunywa chai juu ya ramani moja. Hilo limebaki kuwa kazi ya mwenye nyumba.

Huenda msomaji akadhani kuwa ramani iliyochorwa vema hujisemea yenyewe. Hasha. Tazama vipimo peke yake. Msanifu huandika kila kitu kwa milimita. Fundi hununua nondo kwa milimita, mbao kwa inchi, mabati kwa geji na futi, na tofali huliita la inchi tano au la inchi sita. Hivyo kichwani mwake hupita lugha tatu za vipimo kabla ya saa nne asubuhi. Ukuta wa tofali la inchi sita huandikwa katika ramani kuwa milimita 150, lakini ukuta huo ukishapigwa lipu ya milimita 15 kila upande huwa 180, na chumba kilichochorwa kuwa mita tatu kati ya tofali na tofali hupungua milimita 30. Milimita 30 ni upana wa vidole viwili, wala hakuna atakayegombana kwa ajili yake, mpaka siku seremala atakapoleta kabati aliloliunda kwa kipimo cha ramani, likakataa kuingia.

Ngazi ni mtihani mkubwa zaidi, na mimi huutumia kupima kama watu wa nyumba fulani wanazungumza au hawazungumzi. Tuseme sakafu ya chini na ya juu zimeachana mita tatu, na msanifu amegawanya kimo hicho kwa vidato 18, kila kidato kikiwa na kimo cha milimita 167 hivi. Fundi wa zege huvimwaga vyote sawasawa, na kazi yake haina ila. Miezi mingi baadaye huja fundi wa vigae, ambaye hakumwona wa kwanza wala hakuoneshwa ramani, akaiinua sakafu ya chini kwa saruji na vigae milimita 50, akaiinua na ya juu vivyo hivyo, ila vidato vyenyewe akavibandika vigae vyembamba vya kuviinua milimita 20 tu. Kidato cha kwanza sasa kimekuwa na kimo cha milimita 137, na cha mwisho kimekuwa na 197. Mguu wa mwanadamu hukariri kimo cha ngazi kwa hatua mbili tatu, kisha huenda bila kutazama. Basi anayeipanda ngazi hiyo atajikwaa kileleni, na anayeshuka usiku na mtoto mgongoni atakanyaga hewa. Wala hapana hata mmoja katika mafundi wale aliyefanya vibaya kazi aliyopewa. Lilikosekana swali moja, nalo lilipaswa kuulizwa kabla zege halijamwagwa: sakafu itamalizwa kwa kitu gani, na unene wake ni kiasi gani? Msanifu hakulijibu kwa sababu mwenye nyumba hakuwa amechagua vigae. Mwenye nyumba hakuchagua kwa sababu aliona vigae ni mambo ya mwisho.

Wala tusidhani kuwa maradhi haya ni ya kwetu peke yetu, au ni ya watu wasiokuwa na elimu. Katika misitu ya Pennsylvania nchini Marekani iko nyumba iitwayo Fallingwater, inayohesabiwa miongoni mwa nyumba nzuri kuliko zote zilizojengwa katika karne ya ishirini, na tangu mwaka 2019 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Aliichora Frank Lloyd Wright mwaka 1935, akiwa na umri wa miaka 68, kwa ajili ya Edgar Kaufmann, mwenye duka kubwa mjini Pittsburgh. Kaufmann alitarajia nyumba itakayoyatazama maporomoko ya kijito cha Bear Run; Wright akaiweka juu ya maporomoko yenyewe, na baraza zake za zege zikachomoza hewani juu ya maji bila nguzo chini ya ncha zake, kama mikono iliyonyooshwa.

Kaufmann, kwa hofu ambayo mwenye mali yeyote angekuwa nayo, alizipeleka ramani kwa wahandisi wa Pittsburgh, nao wakaandika shaka zao. Wright aligadhibika, akataka arudishiwe michoro yake kwa kuwa, kwa rai yake, mwenye nyumba hakuistahili nyumba ile. Kaufmann akaomba radhi, na hati ya wahandisi, kama inavyosimuliwa, ikazikwa ndani ya ukuta wa mawe wa nyumba yenyewe. Sijui mfano ulio bayana kuliko huu wa shauri lililonyamazishwa: limewekwa ukutani, likapigwa mawe juu yake, na nyumba ikaendelea kujengwa.

Lakini shaka haifi kwa kuzikwa. Mwaka 1936, zege la sakafu ya kwanza lilipokaribia kumwagwa, nondo za mihimili mikubwa ziliongezwa maradufu ya zile zilizochorwa, kwa shauri la wahandisi wa Kaufmann na pasipo ridhaa ya msanifu. Habari ilipomfikia, Wright aliandika barua ya ghadhabu na kumwondoa kwa muda mwanafunzi wake aliyekuwa akiisimamia kazi. Mbao na mirunda ilipoondolewa baraza zikashuka na nyufa zikaonekana, kwa kuwa, fauka ya hayo yote, fomu za zege hazikuinuliwa kidogo nchani ili zege likishuka kwa uzito wake lisimame sawa. Nalo ni jambo ambalo msanifu na mjenzi wanaosemezana hulimaliza kwa mazungumzo ya robo saa. Kwa miaka sitini baraza ziliendelea kuinama, mpaka ncha zake zikawa zimeshuka kiasi cha inchi 7. Wahandisi waliozichunguza katika miaka ya 1990 waliona kwamba nondo zilizochorwa mwanzo zisingalitosha kamwe, na kwamba hata zilizoongezwa kwa siri zilipungua. Na mwaka 2002 nyumba ikaokolewa kwa nyaya za chuma zilizopitishwa sakafuni na kukazwa.

Watu wengi wanaokisimulia kisa hiki hutaka kujua nani alikuwa na haki, na jibu huwa kwamba wahandisi walikuwa na haki katika nondo na Wright alikuwa na haki katika uzuri. Mimi naona swali lenyewe limepotoka. Nondo zile zilifaa kuongezwa, ila ziliongezwa na watu waliojificha, kwa hiyo msanifu na wahandisi hawakukaa pamoja wakaikokotoa upya hesabu nzima ya mhimili ikiwa na nondo mpya na uzito wake. Na msanifu, aliyekuwa na kipaji ambacho Mungu humpa mtu mmoja katika umati, alikuwa amekwisha kuwafundisha watu wote waliomzunguka kwamba kumuuliza ni kumtusi. Fundi aogopaye kuuliza hufanya mojawapo ya mawili, ama hutii kosa akilijua, ama hulisahihisha gizani, na lililo jema katika la pili halitoshi kulifidia lile giza.

Kinyume cha mwenendo huo nimekiona katika maisha ya Hassan Fathy, msanifu wa Misri. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mbao na chuma viliadimika, naye akiwa na nyumba za matofali ya udongo zilizohitaji kuezekwa, akajaribu kuziezeka kwa kuba za matofali yaleyale, zikaanguka. Ndugu yake akamwambia kuwa Wanubi wa kusini huezeka nyumba zao kwa kuba pasipo mbao za kuzishikilia. Mwaka 1941 akasafiri mpaka Aswan, akawaona waashi wakiegemeza safu za matofali kwenye ukuta wa nyuma, kila safu imelala kidogo juu ya mwenzake, bila ramani wala kipimo isipokuwa jicho na mkono. Msanifu huyu aliyesoma chuo kikuu mjini Cairo hakuwaandikia waashi wale maelekezo. Aliwachukua kwenda kujenga pamoja naye, na katika Gourna Mpya, kijiji alichoanza kukijenga karibu na Luxor katikati ya miaka ya 1940, upana wa chumba ukatokana na kuba ambayo mwashi aliweza kuijenga, kama vile katika Lamu ulivyotokana na boriti. Kijiji kile kilikuwa na misukosuko yake, na wengi wa waliokusudiwa hawakutaka kuhamia. Lakini alichokisisitiza Fathy katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1969, kwamba mwenye nyumba, msanifu na fundi wanapaswa kuwa shirika moja katika kila nyumba, mimi nakipokea bila kupunguza herufi.

Basi mwenye nyumba wa kawaida afanye nini, yeye asiyekuwa Kaufmann wala hana mali ya Kaufmann? Nasaha yangu ya kwanza, ambayo natamani ningalipewa mimi, ni kwamba amtafute mjenzi wakati ramani ingali ya penseli, wala si baada ya kugongwa muhuri wa halmashauri. Amlipe ujira wa siku mbili tatu za kukaa na msanifu, waisome ramani ukurasa kwa ukurasa, na kuulizana maswali ambayo heshima peke yake isingaliwaruhusu kuyatoa: hapa utasimama wapi ukimwaga zege? Tofali hili lapatikana mjini kwetu? Maji haya yatakwenda wapi? Ujira huo si sadaka. Fundi aliyejenga nyumba arobaini katika mtaa mmoja ajua udongo wake unavyovimba wakati wa masika na upande ambao mvua ya kusi huipiga nyumba, na elimu hiyo haimo katika kitabu chochote alichokisoma msanifu. Kulipwa kwa ajili ya maneno yake ndiko kunakompa fundi idhini ya kusema.

La pili lahusu ulimi wa mwenye nyumba mwenyewe. Nimewaona watu waungwana kabisa wakipita kiwanjani jioni, wakamwambia fundi, "Dirisha hili lipanue kidogo," kisha wakaenda zao. Dirisha likapanuliwa, lenta ikawa fupi, na msanifu akalijua jambo hilo siku ufa ulipotokea. Wengine wamo Muscat au Toronto, huituma fedha kwa shangazi na amri kwa simu, mara kwa msanifu, mara kwa fundi, kila mmoja akipata nusu ya habari. Kila badiliko na liandikwe katika daftari moja linalokaa kiwanjani, tarehe yake, gharama yake, na saini za watatu, kabla tofali halijaguswa. Nilipokuja kujenga nyumba ya pili, daftari langu lilikuwa la shule, la kurasa 96, na fundi aliyekuwa akiandika kwa shida alichora ndani yake kwa penseli maswali mazuri kuliko yote niliyopata kuyaona.

Mkataba ni wa lazima, na hapa sitakawia: Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, limetoa mikataba ya mfano, na mkadiriaji majenzi atakuandalia mchanganuo wa gharama ili malipo yafuate kazi, yaani msingi, boma, kupaua na umaliziaji, fungu dogo likizuiliwa mpaka dosari za muda wa matazamio zirekebishwe. Lakini nimeona mikataba minene iliyosomwa kwa mara ya kwanza mbele ya wakili.

Tuliurekebisha ule mfereji wangu mwishoni mwa masika. Safari hii msanifu alikuja na penseli, fundi akaja na pima maji na kamba, wakapiga magoti juu ya paa ubavu kwa ubavu, na mimi niliyekuwa nimesimama nyuma yao sikuelewa nusu ya yale waliyokuwa wakisemezana. Nilisikia tu fundi akisema, "Hapana injinia, hapo maji yatarudi," na msanifu akifuta mstari na kuuchora upya. Walikubaliana mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, mdomo wa bomba ushushwe chini ya sakafu ya mfereji, na tundu la pili liwekwe juu kidogo litakalomwaga maji nje ya ukuta mbele ya macho ya watu, endapo la kwanza litazibwa na majani ya mwembe. Baada ya siku kadhaa saruji ilipokwisha kukomaa, waliziba matundu kwa matambara, wakaujaza mfereji kwa mpira wa maji, tukashuka ndani tukaketi sakafuni watatu, chini ya lile doa la dari, tukila mihogo aliyoileta mke wa fundi. Alasiri ikaingia, kisha magharibi, na fundi akainuka mara moja akaligusa doa kwa kiganja cha mkono wake, akamwonyesha msanifu kiganja hicho. Kilikuwa kikavu.